Paka akiingia kwenye injini ya gari: zima, nyamaza, kisha mtafute



Wiki hii siandiki siasa wala bei ya unga. Naandika juu ya jambo ambalo wengi wetu wenye magari katika mitaa ya pwani limetukuta au litatukuta: umeamka mapema, umekaa kwenye gari, umewasha au ndiyo kwanza unataka kuwasha, na unasikia mlio wa paka ukitoka chini ya boneti.

Mimi lilinikuta mwaka jana, na sikulifanya vizuri. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, nami nilikuwa nampeleka mama kliniki. Nilipowasha nikasikia mlio mkali, nikazima. Kijana mmoja wa mtaani aliyekuwa akipita akaniambia, "Washa tena, kaka, utaona atatoka mwenyewe." Nikamsikiza kwa kuwa nilikuwa na haraka. Nikawasha. Paka yule hakutoka mwenyewe. Mkanda wa feni ulimkamata, akafa pale pale.

Nilikuwa nimesimama sijui nishike lipi, jirani yetu, bibi mtu mzima anayelisha paka wa mtaa mzima, akatoka na leso yake begani. "Toa ufunguo uutie mfukoni, mwanangu," akaniambia. "Kuna mwengine ndani, husikii?" Mama akapanda tuktuk pamoja na dada yangu, na kliniki akafika kwa wakati. Paka wa pili tulimtoa baada ya saa moja na ushei, mzima.

Ndiyo nikafahamu kwamba haraka yangu haikuwa na maana yoyote. Tuktuk ilikuwapo tangu mwanzo. Haya hapa ni yale niliyojifunza asubuhi ile, pamoja na niliyoelezwa baadaye na fundi wangu wa gari na daktari wa mifugo. Yaweke, huenda yakakufaa.

Kwa nini wanaingia

Katika nchi za baridi paka hufuata joto la injini. Kwetu baridi si tatizo kubwa, lakini mvua ni tatizo. Masika yakianza, sehemu kavu mtaani huwa chache, na chini ya boneti ni pakavu. Pia ni mahali ambapo mbwa hafiki, kunguru hafiki, na mtoto mwenye jiwe mkononi hafiki.

Sababu nyengine ni mama paka. Akihisi kiota chake kimejulikana, huwabeba watoto wake mmoja mmoja kwa mdomo na kuwahamisha. Gari ambalo halijaondoka siku mbili tatu humwonekania kama nyumba tupu. Ndiyo maana ukimkuta mtoto mmoja usidhani ni huyo tu. Paka huzaa watoto wanne kwa kawaida, wakati mwengine zaidi.

Anayekwama mara nyingi ni mtoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi mitatu. Umri huo ana nguvu za kupanda, lakini bado ni mwembamba wa kupenya popote, na hajui njia ya kurudi.

Anakojificha

Kwenye gari dogo la kawaida, injini iko mbele. Paka huingia kutoka chini, kupitia kando ya tairi za mbele. Humkuta amelala juu ya betri au juu ya gia, nyuma ya taa kubwa, ndani ya bampa, kando ya redieta, au juu ya ile ngao ya plastiki iliyofungwa chini ya injini. Mahali pengine pa kutazama ni ndani ya madigadi, juu ya tairi, ambapo mkono wako hufika lakini jicho lako halifiki.

Matatu nyingi za abiria kumi na wanne zina injini chini ya viti vya mbele. Hapo hakuna boneti ya kuinua. Ni lazima kiti kiinuliwe, na paka aweza kuwa kwenye vyuma vya chini katikati ya gari. Tuktuk ina injini nyuma, kwa hivyo tazama nyuma na chini ya kiti cha abiria. Na hata kama huna gari, jenereta iliyokaa uani bila kuwashwa miezi kadhaa ina hatari hiyo hiyo.

Jambo la kwanza: zima

Zima gari na utoe ufunguo. Usiuache kwenye swichi, na usimwachie mtoto. Utie mfukoni mwako mwenyewe. Kama gari lako huwashwa kwa kitufe, peleka ule ufunguo wake mbali na gari, ndani ya nyumba.

Hili lina sababu tatu. Kwanza, feni ya redieta ya umeme kwenye baadhi ya magari huweza kuanza kuzunguka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa, kama bado kuna joto. Feni hiyo haichagui kidole cha mtu na mguu wa paka. Pili, magari ya haibridi, ambayo sasa ni mengi barabarani kwetu, huweza kukaa kimya kabisa ilhali yako tayari, kisha injini ikajiwasha. Tatu, katika kelele za watu kumi waliozunguka gari, hakosi mmoja wa kusema "hebu washa kidogo."

Ukiweza, fungua kichwa cha betri chenye alama ya kutoa. Kwenye magari mengi ya Kijapani ni spana nambari 10. Kwenye haibridi, usiguse kabisa nyaya nene za rangi ya chungwa. Zina umeme wa kuua. Hapo mwite fundi anayeyajua magari hayo.

Kama gari limetoka safari, inua boneti ili joto litoke, na usubiri. Maji ya redieta kwenye injini inayofanya kazi huwa karibu nyuzi 90, na vyuma vya ekzosi huwa moto zaidi ya hapo. Usifungue kifuniko cha redieta kwa sababu yoyote. Vuta hendibreki, uweke jiwe nyuma ya tairi.

Jambo la pili: nyamaza

Hapa ndipo tunapokosea zaidi. Watu hukusanyika, kila mmoja na shauri lake, mmoja anagonga bampa, mwengine anapiga mluzi, watoto wanacheka. Paka akisikia hayo hufanya jambo moja tu: huingia ndani zaidi na kunyamaza. Ukimya wake ukadhani ametoka, ukawasha.

Waombe watu watawanyike, wabaki wawili. Zima redio. Kisha sikiliza, kwanza mbele, halafu kila upande, halafu chini. Tumia tochi ya simu, ukimulika polepole; macho ya paka hung'aa yakipigwa na mwanga na hukuonyesha alipo. Tazama pia alama za miguu kwenye vumbi la boneti na bampa.

Kama humwoni wala humsikii na hujui kama yumo au ameshatoka, nyunyiza unga kidogo ardhini kuzunguka tairi zote nne, kisha ondokeni nyote kwa nusu saa. Akitoka ataacha alama za miguu kwenye unga. Fundi wangu alicheka niliponunua robo kilo ya unga wa ngano kwa kazi hiyo, lakini asubuhi ile unga ndio uliotuhakikishia kwamba hakubaki mwengine.

Jambo la tatu: mpe sababu ya kutoka

Paka ambaye hakukwama hutoka mwenyewe akiona ni salama na kuna faida. Weka chakula chenye harufu kali hatua mbili kutoka kwenye gari: samaki wa kukaanga, dagaa waliorowekwa kwa maji ya moto, au jodari wa mkebe. Usikiweke chini ya injini, maana atakula na kurudi alikotoka.

Kama mama yake yuko karibu, usimfukuze. Yeye ndiye msaada mkubwa kuliko nyote. Mwacheni amwite. Kama hayupo, tafuta kwenye simu sauti ya paka mama akiwaita watoto, uicheze kwa sauti ya chini karibu na gari. Mara nyingi mtoto hujibu, na hata asipotoka utajua yuko wapi.

Tayarisha mapema pa kumtia: boksi la katoni lenye matundu, au tenga lenye kifuniko. Wengi humpata paka, kisha wakabaki naye mkononi wakitafuta boksi, akawaparuza na kurudi kwenye injini.

Kama hajakwama lakini hataki kutoka, mtoe kwa mkono. Vaa glavu nene, au uzungushe leso kuukuu mara mbili tatu mkononi. Mfunike kwa kitambaa kwanza. Akiwa gizani hutulia. Kisha mshike ngozi ya shingo kwa nyuma, na mkono wa pili uchukue uzito wake chini ya miguu ya nyuma. Usimvute mkia. Usimvute mguu mmoja.

Akiwa amekwama

Ukimvuta taratibu na hasogei, acha. Tazama ni nini kilichomshika. Mara nyingi ni kichwa kilichopita kwenye tundu na masikio yakazuia, au mguu ulionaswa kati ya waya na chuma. Kwa kawaida njia aliyoingilia ndiyo ya kumtolea: msukume nyuma kidogo badala ya kumvuta mbele.

Kama ni kubanwa tu, paka mafuta ya kupikia, yale ya maji, pale penye kubana. Usitumie oili ya gari, grisi wala dizeli, kwa sababu atajilamba akishatoka, na hayo ni sumu kwake.

Mara nyengine hakuna njia ila kufungua kitu: ngao ya chini, bampa, taa, au tairi. Hapa mwite fundi. Ngao ya plastiki huwa imeshikwa kwa skrubu na vifungo vichache, na fundi aliyezoea huitoa kwa muda mfupi. Malipo yake ni madogo ukilinganisha na mkanda uliokatika au nyaya zilizong'olewa.

Kama gari linapaswa kuinuliwa, mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki huteleza. Liwekwe juu ya stendi imara, kwenye sakafu ngumu, si kwenye mchanga. Uhai wa paka una thamani, lakini haturuhusiwi kuununua kwa uhai wa mtu.

Mambo ya kutofanya

Usiwashe injini "kidogo tu."

Usisogeze gari hata hatua moja. Paka aliye juu ya tairi au kwenye shafti huvunjika hapo hapo.

Usipige honi wakati umeshajua kwamba yumo ndani. Humtisha, na mwenye mkono ndani ya injini hushtuka akajiumiza.

Usimwagie maji wala kumpulizia kwa mpira. Mtoto wa paka aliyelowa hupoteza joto la mwili upesi na kufa, na maji hayo huharibu umeme wa gari.

Usifukize moshi, usinyunyize pilipili, usipulize dawa ya wadudu.

Usimchokoe kwa fimbo au bisibisi.

Ukimsikia ukiwa barabarani

Ukisikia mlio huku unaendesha, usifunge breki ghafla. Washa taa za tahadhari, toka barabarani taratibu, simama mahali pasipo na magari ya kasi, na uzime. Weka zile pembetatu za onyo. Kabla ya kuinua boneti fikiria jambo hili: paka aliyetishika akiruka nje, atakimbilia wapi? Kwenye barabara kama ya Mombasa kwenda Malindi, kumtoa kwenye injini na kumwachia lami si kumwokoa. Ukiweza ingia kituo cha mafuta au uwanja wenye ukuta, halafu uanze kazi. Ila usiendelee na safari ndefu kwa kutumaini ataanguka njiani.

Akishatoka

Mtie ndani ya boksi lenye kitambaa kikavu, mahali penye kivuli na kimya. Mtazame kabla ya kumshika shika. Anapumua kwa shida? Fizi zake ni nyeupe badala ya waridi? Mguu unaning'inia? Anatoka damu? Lolote kati ya hayo ni la daktari wa mifugo, na upesi. Damu izuie kwa kukandamiza kitambaa safi. Palipoungua paweke kitambaa kilicholowa maji ya kawaida. Usipake dawa ya meno, samli wala yai.

Usimpe panadol. Dawa hiyo kwetu ni ya kawaida, lakini kwa paka ni sumu, hata kipande cha tembe. Vilevile kama amelowa maji ya redieta ya rangi, yaani kulanti, mwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, umkaushe vizuri. Paka huilamba kulanti anapojisafisha, na kiasi kidogo huharibu figo zake.

Kama ni mzima na mama yake yuko mtaani, weka boksi karibu na mahali alipokuwa, ukae mbali. Ule usemi kwamba mama humkataa mtoto aliyeshikwa na mtu hauna msingi; mara nyingi humchukua. Kama mama haji na mtoto bado hajafungua macho, au ni wa wiki mbili tatu, kwanza mpashe joto kwa chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kitambaa. Asilishwe akiwa baridi. Maziwa ya ng'ombe humharisha. Uliza daktari wa mifugo maziwa yanayomfaa. Msaada pia hupatikana kwenye ofisi ya mifugo ya kaunti na kwa KSPCA.

Na wewe je, umeparuzwa?

Hili tunalidharau sana. Paka aliyetishika huuma, na jino lake jembamba huingiza uchafu ndani ya nyama. Isitoshe, kichaa cha mbwa si cha mbwa peke yao. Paka pia hukipata na kukiambukiza. Dalili zake zikishamtokea mtu, kupona ni nadra mno, lakini chanjo ikiwahi huzuia.

Kwa hivyo ukiumwa au ukiparuzwa hadi damu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Usipake manjano, usipake oili ya gari. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, ueleze kwamba ni paka wa mtaani, uulizie chanjo ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda. Usingoje uvimbe.

Kuzuia ni rahisi

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, gonga boneti mara mbili kwa kiganja, subiri kidogo, utazame juu ya tairi za mbele. Ikiwa gari halijaondoka siku kadhaa, au mvua imenyesha, inua boneti kabisa. Kugonga huku hakupingani na niliyosema juu ya kunyamaza: hapa unamwamsha aliyelala kabla ya kuwasha chochote, kule unamtafuta aliyekwisha kutishika.

Usilishe paka chini ya gari wala pembeni yake. Walishe upande wa pili wa nyumba. Wakati wa mvua waachie boksi lenye nguo kuukuu penye paa. Wakiwa na pakavu pengine, hawatahitaji injini yako. Na kama kuna paka jike anayezaa mtaani kwenu kila mara, changishaneni mumpeleke afungwe uzazi. Paka huweza kushika mimba angali na miezi minne au mitano, kwa hivyo mtaa hujaa upesi.

Sote tumelelewa na hadithi ya yule mwanamke aliyemfungia paka, asimlishe wala asimwachie ajitafutie, na tumefunzwa kwamba paka ni katika wanaotuzunguka majumbani mwetu. Mafunzo hayo nilikuwa nayo tangu chuoni. Asubuhi ile ya mvua hayakunifaa kitu, kwa sababu ufunguo ulikuwa mkononi na nilikuwa na haraka.

Yule wa pili tuko naye mpaka leo. Jirani yangu ndiye aliyemlea, lakini mchana hulala kwenye baraza yangu. Na kila asubuhi, hata nikiwa nimechelewa, nagonga boneti mara mbili na kungoja kabla sijaingia garini.